Mkondo wa Hitilafu Hurudi kwa Njia Gani?

Mtu akinipa mchoro wa mfumo wa umeme na kuniomba nimkokotolee mkondo wa hitilafu (ule unaopita nyaya zikigusana au zikigusa ardhi), kabla sijagusa kikokotoo huwa namuuliza mambo mawili: hitilafu iko wapi, na mkondo wake utarudi kwenye transfoma kwa njia gani? Wengi hushangaa. Walitaka namba moja tu ya kuandika kwenye ripoti, breka zinunuliwe na kazi iendelee. Miaka niliyofanya kazi ya ulinzi wa mifumo ya umeme imenifundisha kwamba namba hiyo moja ndiyo rahisi kuliko zote kuipata, na mara nyingi siyo inayoamua kama breka itakata au mtu atakufa.

Nianze na hiyo rahisi. Kila transfoma ina kibati chenye maelezo yake, na humo kuna asilimia ya impidansi, yaani kiasi inavyouzuia mkondo. Asilimia hiyo hutoka kwenye jaribio halisi la kiwandani: upande mmoja wa transfoma hufungwa shoti, kisha volti za upande wa pili hupandishwa polepole mpaka mkondo wa kawaida wa transfoma upite. Kama zimehitajika asilimia 5 tu za volti zake ili mkondo kamili upite, basi siku shoti itakapotokea volti zikiwa kamili, mkondo utakuwa mara 20. Transfoma ya kVA 1000 yenye volti 11,000 kwa 400 ina mkondo wa kawaida wa ampea 1,443 upande wa chini. Gawanya kwa 0.05, unapata karibu 28.9 kA (kA moja ni ampea 1,000). Hesabu hiyo inatosha nyuma ya bahasha.

Lakini inachukulia kwamba gridi iliyo nyuma ya transfoma haina mwisho wa nguvu, jambo ambalo si kweli popote. Ukiambiwa kiwango cha hitilafu cha gridi pale, yaani nguvu inayoweza kuisukuma kwenye shoti, ni MVA 250, unagawanya MVA 1 ya transfoma (kVA 1000) kwa 250 na kuongeza 0.004 juu ya 0.05, na shoti ya fezi tatu inashuka hadi 26.7 kA. Gridi ikiwa dhaifu, tuseme MVA 50, unaongeza 0.02, na mkondo unakuwa 20.6 kA. Mimi hupenda kuomba kiwango cha juu na cha chini cha gridi kwa pamoja, kwa sababu kampuni ya umeme hubadilisha njia zake. Laini moja ikizimwa kwa matengenezo, gridi yenye nguvu asubuhi inaweza kuwa dhaifu jioni. Cha juu kinanisaidia kuchagua breka isiyopasuka, na cha chini kinaniambia kama relei, kifaa kinachopima mkondo na kuiamuru breka ikate, itaona hitilafu.

Somo la kwanza lililonikaa lilihusu transfoma mbili za namna hiyo, kila moja na ubao wake, katikati breka ya kuunganisha. Ubao ulinunuliwa wa 36 kA, na ukipiga hesabu ya transfoma moja, 26.7 kA, kuna nafasi ya kutosha. Nilipofika nikaikuta breka ya katikati imefungwa. Fundi wa zamu akanieleza kwa nia njema kabisa: "Injinia, tukiziunganisha mzigo unagawanyika vizuri, na moja ikizimika kazi haisimami." Alichosema kuhusu mzigo ni kweli. Ila transfoma mbili sambamba zina nusu ya impidansi: 0.025 na 0.004 za gridi, jumla 0.029, na hapo shoti inafika karibu 50 kA. Ubao wa 36 kA ukipata 50 kA, breka inayojaribu kukata inaweza kulipuka, na anayesimama mbele yake ni huyohuyo fundi. Tuliifungua siku ileile, kisha ikawekwa kizuizi cha funguo kinachokataza breka zote tatu kufungwa kwa pamoja. Niliona fahari kubwa kuliko nilivyoona katika hesabu ndefu nilizowahi kufanya, kwa sababu pale ilitosha kugawanya kwa mbili.

Watu husahau pia kwamba mkondo wa mwanzo wa shoti hauko sawa pande zote mbili za sifuri. Hitilafu ikianza wakati mbaya, wimbi la kwanza husukumwa upande mmoja. Kwa transfoma kama ile, riaktansi (ukinzani unaotokana na sumaku ya koili) ikiwa mara sita ya rezistansi (ukinzani wa waya wenyewe), kilele cha kwanza hufika kama mara 2.28 ya thamani ya kawaida ya mkondo: 26.7 kA inakuwa kilele cha karibu 61 kA. Nguvu inayosukuma basiba, fito zinazobeba mkondo ndani ya ubao, hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo pigo la kwanza ni zaidi ya mara mbili na nusu ya yale ya baadaye, mkondo ukishatulia. Nimewahi kushika mkononi kishikizo cha basiba kilichopasuka katikati baada ya shoti iliyokatwa haraka sana. Breka ilifanya kazi yake vizuri, ila pigo la kwanza lilikuwa limeshapita.

Sasa nije kwenye hitilafu za ardhi, ambako ndiko swali la njia ya kurudi linapokuwa na uzito. Shoti ya fezi tatu haihitaji ardhi wala nyutro (ncha ambapo koili tatu za transfoma hukutana), maana mikondo mitatu inajumlishana kuwa sifuri na kila mmoja unarudi kupitia wenzake. Fezi moja ikigusa ardhi, mkondo lazima utafute njia ya kurudi kwenye nyutro ya transfoma, na kila kitu kilicho kwenye njia hiyo kinaingia kwenye hesabu: waya wa ethi, kasha la kebo, udongo, rezista, fimbo iliyochimbiwa.

Kazi hii inawezekana kwa sababu ya Charles Fortescue, aliyeonyesha Marekani mwaka 1918 kwamba mikondo mitatu isiyo sawa inaweza kugawanywa katika mafungu matatu, kila fungu likiwa na mikondo iliyo sawa: mfuatano chanya, mfuatano hasi na mfuatano sifuri. Kwa hitilafu ya fezi moja na ardhi, impidansi za mafungu hayo matatu huunganishwa kwa mstari mmoja, na mkondo unakuwa mara tatu ya volti gawanya kwa jumla yao. Mfuatano sifuri ndio wenye tabia zake. Ni mikondo mitatu inayokwenda pamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo haiwezi kurudi kupitia wenzake. Lazima ipite nyutro.

Chukua ile transfoma yenye delta juu (koili tatu zilizofungwa kwa pembetatu) na nyota chini (koili tatu zilizokutana kwenye nyutro), nyutro imefungwa ardhini moja kwa moja. Delta haina nyutro, basi mfuatano sifuri hauwezi kutoka kwenda kwenye gridi, unazunguka ndani ya delta yenyewe. Maana yake, gridi dhaifu ya 0.02 inahesabika kwenye mfuatano chanya na hasi, lakini haimo kwenye sifuri. Jumla inakuwa 0.07, tena 0.07, kisha 0.05, yaani 0.19. Gawanya 3 kwa 0.19, zidisha kwa 1,443: karibu 22.8 kA. Shoti ya fezi tatu mahali palepale ilikuwa 20.6. Nikiwaonyesha wahandisi vijana hesabu hii, hudhani nimekosea mahali, kwa kuwa wamefundishwa kuwa shoti ya fezi tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Kwenye vituo vya transfoma ya aina hii, siyo.

Utamu wa hesabu hiyo ukiisha, geuka uangalie upande wa juu. Ule mkondo wa ardhi wa 22.8 kA ukivuka kwenda upande wa volti 11,000 unaonekana kwenye laini mbili tu, na thamani yake, baada ya kushuka kwa uwiano wa volti 400 kwa 11,000, inagawanywa tena kwa 1.732: karibu ampea 479. Shoti ya fezi tatu, ingawa ni ndogo chini, juu inaonekana kama ampea 750. Na relei ya hitilafu ya ardhi iliyoko juu inaona sifuri kabisa, maana hakuna mkondo wa ardhi unaovuka delta.

Nilikutana na jambo hili uso kwa uso kwenye kiwanda kimoja, kebo za upande wa chini zilipoungua kati ya transfoma na breka kuu. Mahali pale breka kuu haina msaada, mkondo unaifikia hitilafu kabla ya kuifikia breka. Wa kukata ni wa juu peke yake. Relei ya juu ilikuwa imewekwa ampea 80, mkunjo wa kawaida (mkondo ukiwa mkubwa hukata haraka zaidi), kizidishi cha muda 0.3. Kwa ampea 479 ingekata kwa sekunde 1.15 hivi, si mbaya sana. Ila kwa volti 400, moto wa umeme wenyewe, yaani arki, hula sehemu kubwa ya volti, na mkondo halisi unaweza kushuka hadi nusu ya uliokokotolewa. Kwa nusu, relei ileile inachukua karibu sekunde 1.9. Weka hapo arki inayoruka-ruka, inayozima na kuwaka, na muda unazidi kwenda. Sehemu ya kebo zile ilikuwa imebaki majivu na matone ya shaba yaliyoganda sakafuni. Wasimamizi waliamini relei ya ardhi ya juu ni mbovu kwa kuwa haikugusika. Niliijaribu mbele yao, ikakata vizuri kabisa. Haikuwa na kitu cha kuona.

Dawa yake ni ya kawaida na haina gharama kubwa: CT moja (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) kwenye mkanda unaounganisha nyutro ya transfoma na ardhi, na relei inayoikata breka ya upande wa juu. Hapo ndipo kila ampea ya hitilafu ya ardhi inapita ikirudi nyumbani kwake. Ukiweka jicho lako hapo, delta haiwezi kukuficha kitu.

Kwenye mifumo ya volti za kati, watu wengi hawataki mkondo mkubwa wa ardhi, na wana haki, kwa sababu unaharibu mashine na kuinua volti hatari kwenye udongo. Kwa hiyo huweka rezista kati ya nyutro na ardhi. Kwenye mfumo wa volti 11,000, volti ya fezi kwa ardhi ni 6,351. Ukitaka mkondo usizidi ampea 400, rezista iwe ohmu 15.9. Kwenye fomula rezista huingia mara tatu, na wanafunzi huniuliza kwa nini. Sababu ni kwamba mikondo mitatu ya mfuatano sifuri yote hupita ndani yake kwa pamoja, hivyo volti inayoangukia hapo ni mara tatu ya ile ambayo ingetokana na mmoja wao. Anayelielewa hili hasahau ile tatu tena.

Rezista hiyo ina deni lake. Hitilafu ikidumu, inabeba karibu megawati mbili na nusu za joto, ndiyo maana hutengenezwa kwa muda maalumu, kwa kawaida sekunde 10. Na fezi mbili zilizo nzima hupanda kutoka volti 6,351 hadi karibu 11,000 dhidi ya ardhi, kwa hiyo kebo na vizuia radi lazima viwe vimechaguliwa kwa kujua hilo. Nimeona mtu akiongeza rezista kwenye mfumo wa zamani ambao vizuia radi vyake vilichaguliwa kwa nyutro iliyofungwa moja kwa moja. Hesabu ya mkondo ilikuwa safi. Vizuia radi havikuulizwa.

Kuna jambo jingine kuhusu rezista ambalo lilinifanya nibadili jinsi ninavyofanya ukaguzi. Ilikuwa transfoma yenye rezista ya ampea 400 kama hiyo, ndani ya boksi la chuma lenye vitundu vya hewa. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa, relei ya ardhi iliwekwa ampea 40, na kwa miaka hakuna aliyefungua boksi lile, maana kifaa kisichopitisha mkondo siku za kawaida hakimsumbui mtu. Tulipozima, tukathibitisha hakuna umeme, tukatia ethi, kisha tukaweka mita. Mita haikusoma ohmu 15.9. Haikusoma kitu. Ndani, mikanda ya chuma imepangwa kama mashubaka, na mahali mkanda mmoja unapofungwa kwa bolti na mwenzake palikuwa pameliwa na kutu mpaka pameachana. Mwanya wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko kucha.

Mfumo ule ulikuwa unaelea bila nyutro, na hakuna aliyejua tangu lini. Hitilafu ya ardhi ingetokea, njia pekee ya kurudi ingekuwa uwezo wa kebo wa kuhifadhi chaji. Kwa kilomita 10 za kebo zenye maikrofaradi 0.3 kwa kilomita kwa kila fezi, mkondo huo ni kama ampea 18. Relei ya 40 isingeamka, na arki inayowaka na kuzima kwenye mfumo unaoelea huweza kupandisha volti hata kupita zile za fezi kwa fezi, ikatoboa kebo nyingine mahali tofauti kabisa. Tangu hapo, kupima rezista ya nyutro kumo kwenye kazi za kila matengenezo ninayoyasimamia, na mahali ninapoweza kushawishi, tunaweka kifaa kinachoilinda muda wote.

Rezista huleta pia shida ndani ya transfoma yenyewe. Hitilafu ikitokea kwenye koili ya nyota karibu na nyutro, volti inayousukuma mkondo ni sehemu tu ya koili, na sehemu hiyohiyo ndogo ndiyo inayopeleka habari upande wa juu. Udogo unajizidisha wenyewe. Kwa transfoma ya MVA 10, volti 33,000 kwa 11,000, rezista ya ampea 400, hitilafu ikiwa asilimia 30 kutoka nyutro inapitisha ampea 120 kwenye rezista. Upande wa juu zinaonekana ampea 7 tu, wakati mzigo kamili ni ampea 175. Hakuna relei ya mkondo wa ziada itakayoona saba ndani ya 175. Ulinzi wa ardhi uliozungushiwa koili, unaolinganisha mkondo wa nyutro na wa fezi, unaziona ampea zote 120. Nikiulizwa kama ulinzi huo ni anasa kwa transfoma ndogo, nawapa hesabu hii na kuwaachia waamue.

Na pale chini kabisa, kwenye saketi ndogo, njia ya kurudi ndiyo kila kitu. Niliitwa kwenye pampu ya maji ambayo kasha lake lilikuwa "linapiga". Mzee mmoja aliyekuwa akiitunza akaniambia, "Mwanangu, ethi ipo, tuliichimbia wenyewe, angalia." Kweli ilikuwepo, fimbo nzuri ya shaba. Nikaipima: ohmu 20. Nyutro ya transfoma ilikuwa na ohmu 1. Hakukuwa na waya wa ethi kutoka kwenye ubao, udongo ndio uliokuwa waya. Volti 230 gawanya kwa ohmu 21 ni ampea 11. Breka iliyowekwa ni ya ampea 32. Kwa breka ile, hitilafu hiyo ni mzigo wa kawaida, ingeweza kuibeba mwaka mzima. Na kasha la pampu linabaki na ampea 11 mara ohmu 20, volti 220, likimsubiri mtu mwenye miguu mibichi. Nilimweleza mzee taratibu kwamba fimbo yake si mbaya, ila fimbo peke yake haiwezi kuita mkondo wa kutosha kuiamsha breka. Tulifunga RCD, inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi na kukata tofauti ikifika miliampea 30. Kwa kifaa hicho fimbo ya ohmu 20 inatosha kabisa.

Hata waya wa ethi ukiwepo, urefu unaweza kuumaliza mkondo. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 16, urefu mita 120, ikiwa imepata joto ina karibu ohmu 0.166 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Hapo volti 230 zinatoa kama ampea 690, hata ukiisahau transfoma. Breka ya ampea 100 ya aina C inaahidi kukata papo hapo ikifika ampea 1,000. Katikati ya 690 na 1,000 ndimo hatari inamokaa: kwenye ubao huohuo tunaogopa 26 kA, na mwisho wa kebo yake tunapungukiwa na mia tatu. Jenereta ya dharura ikishika mzigo, mambo huwa mabaya zaidi. Jenereta ya kVA 500 yenye riaktansi ya mwanzo ya 0.15 hutoa karibu 4.8 kA kisha mkondo unashuka haraka, wakati transfoma ilikuwa inatoa makumi ya maelfu. Mipangilio ya relei iliyofanyiwa kazi na gridi lazima ipigiwe hesabu upya kwa jenereta.

Siku hizi programu za kompyuta zinafanya yote haya kwa dakika chache, na mimi pia nazitumia. Ninachofanya kwanza matokeo yakitoka ni kuangalia hitilafu ya ardhi kwenye vituo vya transfoma ya delta na nyota ambayo nyutro yake imefungwa moja kwa moja. Ikitoka karibu sawa na ya fezi tatu, au juu yake kidogo, naendelea kusoma. Ikitoka sifuri, au nusu ya ile ya fezi tatu, naurudia ukurasa wa data za transfoma kabla ya kuamini kitu kingine chochote kwenye ripoti, na mara nyingi nakuta kisanduku cha nyutro kimeachwa wazi, au delta na nyota zimebadilishana pande.